Winga wa Tiger Bay na mamluki wa Ngara

Kwetu Ngara, mchezaji anayelipwa akachezee kijiji kisicho chake anaitwa mamluki. Kwenye kamusi mamluki ni askari wa kukodiwa, mtu anayepigana vita isiyo yake. Uwanjani ni kijana wa miaka 19 mwenye daluga za kuazima, aliyetumiwa nauli ya bodaboda na kuahidiwa elfu 20 wakishinda. Kuanzia Kabanga hadi Rulenge, au ukishika barabara ya malori kutoka Benaco ukaingia Biharamulo, ukapita Nyakahura mpaka Lusahunga, hakuna mashindano ya mbuzi au ng'ombe yanayoisha bila neno hilo kutamkwa kwa hasira. Timu ikifungwa, kazi ya kwanza ni kuhesabu mamluki wa wenzao. Ikishinda, mamluki wake wanaitwa wageni wetu.

Neno hilo lilikuwa kichwani mwangu Juni 2025 nilipokuwa naandaa taarifa ya michezo ya redio, nikakutana na habari ya mzee wa miaka 90 huko Uingereza aliyepewa na Mfalme Charles heshima ya kuitwa Sir. Jina lake Billy Boston, alikuwa winga wa raga. Msikilizaji wangu wa Ngara raga haimhusu hata kidogo, anataka kujua Simba na Yanga wamefikia wapi, na kazi yangu ni kumwambia. Nikamwambia. Lakini kuna sentensi moja haikunitoka: katika miaka 130 ya mchezo wake, huyu ndiye mchezaji wa kwanza kupewa heshima hiyo. Miaka 130! Nikataka kujua walikuwa wanasubiri nini.

Ili uelewe inabidi kwanza ujue kwamba raga ziko mbili. Wengi hatujui, hata wale wanaokaa baa za Dar kuangalia Kenya ikicheza raga ya wachezaji 7. Zamani ilikuwa moja. Kaskazini mwa England, kwenye miji ya makaa ya mawe na viwanda vya pamba na sufu, klabu zilijaa vibarua, na Jumamosi ilikuwa siku ya kazi. Mchimba makaa akienda kucheza Jumamosi, ujira wa siku hiyo umekwenda. Klabu zikasema tuwafidie basi hiyo siku. Siyo mshahara, fidia tu ya siku ya kazi. Wakubwa wa chama, wengi wao wakiwa wamesoma shule za ada kubwa, watu ambao hawakuwahi kukatwa hata senti kwa sababu ya kucheza, wakakataa. Wakasema raga ni ya mapenzi, haichezwi kwa pesa. Tarehe 29 Agosti 1895 klabu za kaskazini zikakutana katika Hoteli ya George mjini Huddersfield, zikajitoa. Baadaye zikabadili na sheria zenyewe, wachezaji wakapungua kutoka 15 hadi 13. Hiyo ya 13 ndiyo raga ya ligi, inayolipa. Ile ya 15 ikabaki na jina la union, na usafi wake.

Na usafi huo ulilindwa. Mchezaji wa union akionekana ameenda ligi, hata kwa majaribio tu, anafungiwa maisha. Hachezi tena union popote, hafundishi, na kuna klabu alizolelewa ambazo hata kumkaribisha kinywaji ilikuwa kesi. Kifungo hicho kilidumu mpaka 1995, union ilipokubali na yenyewe kulipa. Miaka mia kamili.

Wales ya kusini nayo ni nchi ya makaa, lakini ilibaki upande wa union. Kwa hiyo kwa miaka mingi wajumbe wa klabu za kaskazini walikuwa wanashuka Wales kimyakimya, wanapiga hodi usiku, pesa ziko mfukoni. Kwa watu wa Wales, "kwenda Kaskazini" haikuwa safari kama safari nyingine. Ilikuwa kama sisi tunavyosema fulani kaenda mgodini. Atakuja na pesa, ila tushampoteza.

Boston alizaliwa tarehe 6 Agosti 1934 Butetown, mtaa wa bandarini Cardiff uliojulikana zaidi kama Tiger Bay. Baba yake alikuwa baharia kutoka Siera Leone, mama yake mzaliwa wa Cardiff mwenye damu ya Ireland. Watoto walikuwa 11. Mtaa wenyewe ulijaa mabaharia na familia zao: Wasomali, Wayemeni, Wakaribea, watu wa Afrika Magharibi. Uwanja mkubwa wa mji, Cardiff Arms Park, ungeweza kwenda kwa miguu. Ndoto ya kijana ilikuwa ya kawaida kabisa, avae jezi ya Cardiff, halafu ya Wales.

Cardiff hawakumwita. Alichezea timu ya mtaani kwao, Cardiff Internationals, akachezea Pontypridd na Neath. Kabla yake wapo waliosubiri kuitwa, na baada yake wapo. Johnny Freeman, winga mwingine wa mtaa huohuo, naye aliishia Kaskazini, Halifax. Hutapata karatasi iliyoandikwa "hatumtaki kwa sababu ni mweusi". Mambo haya hayaandikwi. Kinachobaki ni hesabu. Mtu mweusi wa kwanza kuichezea Wales raga ya union alipatikana miaka ya 1980, wakati Boston ameshastaafu zaidi ya miaka 10.

Habari ya kutoandikiwa karatasi naifahamu kwa karibu, kwa sababu ya mdogo wangu.

Mdogo wangu ni winga. (Msomaji wa Dar usicheke, simaanishi winga wa Kariakoo anayekushika mkono akupeleke duka la viatu. Ni winga wa mpira wa miguu, namba 11, mguu wa kushoto.) Sitasema alikuwa Boston. Nimeona winga wengi kwenye kazi yangu, na najua mapenzi ya ndugu yanavyoongeza mbio za mtu. Lakini alikuwa na kitu. Beki akijua kabisa atapita nje, bado alipita nje.

Bibi yetu mzaa mama alizaliwa ng'ambo, upande wa Kobero, akaolewa huku. Kwetu hilo si habari, mpaka ulitukuta tukiwa tunaoana. Kihangaza chetu na Kirundi vinaelewana bila mkalimani. Ukizungumza Kihangaza kwa simu ndani ya basi la Mwanza, jirani yako anageuka kukuuliza umeingia lini nchini. Halafu kuna historia ya juzi. Mwishoni mwa Aprili 1994 karibu watu 250,000 walivuka Rusumo kutoka Rwanda ndani ya siku moja hivi, wakajaa Benaco. Sisi tuliokuwa watoto wadogo tulikua tukijua wilaya yetu inatajwa duniani kwa sababu ya watu wa nchi nyingine. Mwaka 2013 ikaja Operesheni Kimbunga, ya kuondoa wahamiaji wasio na vibali Kagera, Kigoma na Geita, na kila mtu akaanza kumtazama jirani yake pua na matamshi.

Mwaka uliofuata mdogo wangu, akiwa na miaka 18, alikuwa kwenye orodha ya timu moja ya vijana iliyokuwa inasafiri. Orodha ilibandikwa Ijumaa, jina lake lipo, namba 14 kutoka juu. Jumatatu ikabandikwa nyingine, halipo. Alipouliza, mtu mmoja wa kamati alimwambia kwa upole sana, mambo yako ya uraia yakikaa sawa utaitwa. Baba wa baba yetu amezikwa Ngara, na baba yake pia. Hakuna aliyeandika chochote, hakuna aliyemtukana, na hakuna aliyemwita tena.

Sasa turudi Cardiff, maana kuna mama mmoja anatusubiri huko.

Boston alipokuwa jeshini, katika kikosi cha mawasiliano cha Catterick, alicheza fainali ya kombe la jeshi akafunga trai 6. (Trai ni kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani. Wakenya wanaliita hivyo na mimi sina bora zaidi.) Kaskazini wakasikia. Mwaka 1953 wajumbe wa Wigan wakafika nyumbani kwao Tiger Bay. Kisa hiki Boston amekisimulia mara nyingi. Waliweka mezani pauni 1,000, noti tupu. Mama akasema hapana. Wakafika 1,500, mama hapana. Mama hakutaka mwanawe aende, alitaka acheze Cardiff, na ili awafukuze wale watu kwa heshima akataja kiasi alichodhani hakuna mwenye akili atakilipa: pauni 3,000. Wakasema sawa.

Nimekiwaza sana hicho kisa. Watu hukisimulia kama kichekesho, mama kajifunga goli mwenyewe. Mimi naona mama aliyekuwa anaamini bado kuna mlango utafunguliwa Cardiff, na vijana wa mtaani walioanza kuelewa kwamba haufunguliwi. Boston mwenyewe amesema kwa miaka mingi kwamba hakutaka kwenda, kwamba angeitwa na Cardiff angebaki. Baada ya hapo watu wakawa na sentensi nyepesi ya kusema juu yake: aliuza, alifuata pesa. Kumbe pesa zilikuja nyumbani usiku zikiwa na wajumbe, na jezi aliyoitaka haikuja hata mchana.

Kwetu mjumbe alikuja kwa pikipiki. Mfanyabiashara wa mazao kutoka Biharamulo, anadhamini timu kwenye mashindano ya ng'ombe, amesikia kuna kijana wa mguu wa kushoto amekaa tu. Alitaja elfu 30 kwa mechi, chakula juu yake. Mama hakubishana juu ya bei. Aliuliza jambo moja, "Atalala wapi?" Yule bwana akajibu atalala kwangu, mama, na watoto wangu. Mama akaenda kufua jezi.

Hivyo mdogo wangu akawa mamluki. Alicheza Nyakahura, alicheza Lusahunga, alicheza Nyakanazi pale njia panda. Alivuka mpaka akacheza na upande wa pili, na kule, bana, wakawa wanamwita Mtanzania. Mechi moja katika kijiji kimoja cha Biharamulo alisajiliwa kwa jina la kijana aliyekuwa ameumia. Alifunga mawili. Mtangazaji wa kipaza sauti akalisifu lile jina la watu mpaka sauti ikakauka, na mwenye jina amekaa kwenye nyasi na mguu wake umefungwa bandeji, anapokea pongezi.

Nilidhani hayo ni mambo yetu ya ndondo tu. Kumbe mwaka 1961 kijana mwingine wa Cardiff, Clive Sullivan wa mtaa wa Splott, winga pia, mweusi pia, alicheza mechi ya majaribio Hull bila jina lake. Akaandikwa Bwana X. Ndiyo ilikuwa desturi, unafichwa ili mambo yasipokwenda vizuri urudi zako union bila kufungiwa. Bwana X akafunga trai 3, na kesho yake akasaini kwa jina lake halisi. Huyu Sullivan, ambaye utotoni alipasuliwa miguu na madaktari wakawa na wasiwasi kama atatembea sawasawa, ndiye mwaka 1972 aliyekuwa nahodha wa timu ya pamoja ya Uingereza ilipochukua Kombe la Dunia la raga ya ligi, mweusi wa kwanza kuwa nahodha wa timu ya taifa ya Uingereza katika mchezo wowote. Alifariki mwaka 1985 akiwa na miaka 42 tu. Ukiingia Hull kwa gari unapita barabara yenye jina lake.

Wigan ni mji wa makaa na viwanda. Wasomaji wa hapa mtamkumbuka George Orwell kwa Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya 1967. Kabla ya wale nguruwe, Orwell alikwenda Wigan akaandika kitabu kuhusu umaskini wa wachimba makaa, kikatoka 1937, na watu wa mji huo wengine hawajamsamehe mpaka leo kwa jinsi alivyowachora. Huko ndiko Boston alipofikia, na mji ukampenda mara moja. Mechi yake ya kwanza, na timu ya pili, iliingiza maelfu ya watu. Alikuwa na mbio za winga na mwili wa watu wa mbele. Wengine walimkwepa beki, yeye akiamua alimpitia juu. Alipoondoka Wigan mwaka 1968 alikuwa amefunga trai 478 katika mechi 488. Ukijumlisha zote za maisha yake ni 571, na katika historia yote ya mchezo huo aliyemzidi ni mmoja, Brian Bevan, winga Mwaustralia wa Warrington, mwenye 796.

Mwaka 1954, akiwa na miaka 19 na mechi 6 tu za timu ya kwanza, alichaguliwa kwenda na timu ya Uingereza Australia na Nyuzilandi. Hakuna mchezaji asiye mzungu aliyewahi kuchaguliwa safari ile. Akarudi na trai 36 katika mechi 18, rekodi ya ziara. Yaani Cardiff hawakumwona, Wales hawakumwona, na Uingereza nzima ikamwona akiwa hajafikisha 20.

Hapo ningeweza kuikata hadithi: kusini kubaya, kaskazini kuzuri, kijana kaenda kupendwa. Nilikuwa nimeshaanza kumsimulia mdogo wangu hivyo kwa simu. Lakini kuna 1957. Kombe la Dunia lilichezwa Australia, Boston alikuwepo. Katika kurudi, timu ya Uingereza na ya Ufaransa zikapitia Afrika Kusini ya makaburu kucheza mechi za maonyesho. Mtu mweusi hakuruhusiwa. Wenzake wakaenda, Boston akarudi nyumbani kivyake.

Kwangu hii inauma kuliko ya Cardiff. Cardiff hawakuwahi kumchagua, hawakuwa wake. Hawa walikuwa wamemchagua, wamekula naye, wamekumbatiana naye uwanjani, na ilipofika mahali pa kuchagua kati yake na mechi za kiingilio walichagua mechi. Hao ndio wachezaji wa mchezo uliozaliwa kwa sababu mabosi walikataa kumjali kibarua. Hata waliowahi kufungiwa mlango wanaweza kukuacha nje, wakija na sababu za ratiba.

Mdogo wangu nilipomwambia hilo alinyamaza, halafu akauliza, "Dada, wenzake walisema nini?" Nikamjibu kwamba waliingia kwenye ndege. Akasema, "Sawa. Hata wa kwetu walipanda basi." Miaka 11 tulikuwa hatujawahi kuzungumza juu ya lile basi.

Lakini pia sitaki kumlilia Boston kuliko alivyojililia. Hakurudi Wales kuishi. Alibaki Wigan, alioa huko, alikuwa na baa karibu na uwanja, watu wakimsalimia barabarani mpaka uzee. Alichukua Kombe la Challenge mara 3 pale Wembley, 1958, 1959 na 1965. Hayo siyo maisha ya mtu aliyepotea. Ukimwambia mtu wa Wigan kwamba Boston ni wa Wales atakutazama kama vile umemwambia Ziwa Victoria ni la Kenya.

Wales ndiyo iliyokuja kumtaka. Julai 2023, kwenye ghuba ya Cardiff, mtaa wa kwao, ilizinduliwa sanamu ya watu watatu: Boston, Sullivan, na Gus Risman, mtoto wa wahamiaji kutoka Latvia aliyekwenda Kaskazini kabla yao. Watu watatu waliofukuzwa kwa kimya wamesimama pamoja kwa shaba. Boston alikuwa na miaka 88, na tangu 2016 alikuwa ameambiwa ana maradhi yanayokula kumbukumbu. Mwaka 2025 ndiyo ikaja Sir. Kuna watu wanaona haya ni mazuri, bora ichelewe kuliko isije. Mimi nikiitazama picha ya ile sanamu nawaza zaidi wale waliokaa mezani miaka ya 1950 wakipitia majina ya winga wa Cardiff. Hao hawana sanamu, na hakuna anayewauliza.

Huku kwetu Afrika Mashariki yupo aliyepita njia hiyo ya raga mbili. Lucas Onyango, winga Mkenya, aliichezea Kenya ya wachezaji 7, akaenda England akacheza raga ya ligi na Widnes na Oldham. Wakati wake kifungo kilikuwa kimeshafutwa. Aliitwa mchezaji wa kulipwa, basi. Hakuna aliyemwita msaliti kwa kupokea mshahara, na ndivyo inavyotakiwa iwe.

Mdogo wangu aliacha kucheza akiwa na miaka 25, goti. Sasa ni fundi wa kuchomelea Benaco, anaziba matela ya malori yanayokwenda na kutoka Rusumo. Cheti cha kuzaliwa anacho, kitambulisho cha taifa anacho, alivipata vyote goti likiwa limeshakwisha. Wateja wa zamani wa Lusahunga bado wanampungia mkono wakiwa ndani ya Fuso.

Mwaka huu kuna mashindano, na mmoja wa waandaaji ni yuleyule mtu mpole wa kamati, sasa mzee kidogo. Amempigia simu. Wanataka aje siku ya fainali akabidhi mbuzi, mshereheshaji atamtambulisha kama kijana wetu aliyetutangaza wilaya mbili hizi, na fulana itachapishwa yenye jina lake. Aliponiambia nilikaa kimya, nisimwamulie. Nikamtumia kwa WhatsApp picha ya sanamu ya Cardiff, bila maneno. Alijibu baada ya saa nzima. Kwanza alitaka kujua kama daluga zao wamezichonga sawasawa. Halafu akatuma sauti, mashine ya kuchomelea inasikika nyuma:

"Dada, mimi nitaenda, sina kinyongo na mtu. Ila fainali ni Jumamosi, na Jumamosi ndiyo malori mengi. Nikifunga karakana napoteza kama elfu 60. Mwambie wanifidie siku yangu, na nauli ya kwenda na kurudi. Mbuzi nitawakabidhi."

Ujumbe niliufikisha kama ulivyo. Kamati imesema itakaa.